Usiku Usio na Usingizi

Mama mmoja alitujia baada ya Isha, akatueleza kwa sauti ya chini kuwa dawa za Ukimwi zimemrudishia afya, ila usingizi umemkimbia. Akidhani ni jini. Tulimwombea dua, kisha tukamrudisha kwa tabibu, kwani dawa zenyewe zaweza kuhusika. Efavirenzi ya zamani ilijulikana kwa ndoto za kutisha. Dolutegraviri, iliyoingia Kenya mwaka 2017, ni afadhali, lakini nayo huwakosesha baadhi ya watu usingizi. Wala si dawa pekee: hofu na siri pia hukesha na mtu. Hatari ni pale mgonjwa achokapo, akaacha dawa.

Haya yanahitaji utafiti, na utafiti ni fedha. Nyingi zilitoka Marekani, ambayo Januari 2025 ilisimamisha misaada yake ghafla. Zaka ina watu wake wanane, hatuigusi. Lakini sadaka na wakfu ni pana. Sisi tuchimbao visima, mbona tusimgharimie kijana wetu mmoja wa udaktari achunguze jambo hili?

Mama yule sasa humeza dawa asubuhi, kwa idhini ya tabibu. Ijumaa alitusalimia akitabasamu.