Plazma Kavu: Kadi Bila Majibu Haitoshi

Mtu anayeishi na VVU na kutumia dawa anahitaji kupimwa wingi wa virusi. Kwa kawaida damu huchotwa mshipani, na plazma hutenganishwa kwa mashine ndani ya saa 24. Zahanati isiyo na umeme wa uhakika haiwezi kufanya hivyo. Damu nzima iliyokaushwa kwenye karatasi husafirishwa kwa urahisi, lakini ina seli. Vinasaba vya virusi vilivyojificha humo vinaweza kuongeza kipimo, na mgonjwa anayemeza dawa zake kwa uaminifu akadhaniwa mtoro.

Kadi ya kutenganisha plazma hupunguza tatizo hilo. Matone machache ya damu ya kidoleni huwekwa juu yake. Utando huzuia seli, plazma hupenya chini na kukauka. Barafu haihitajiki.

Hata hivyo, kadi isifanywe kisingizio. Tone pungufu, au kadi iliyofungwa kabla ya kukauka, huharibu kipimo. Na sampuli ikiwahi maabara huku majibu yakichelewa kwa miezi, mgonjwa hajasaidiwa. Watoa huduma wafunzwe vyema. Naye mgonjwa ana haki ya kuuliza majibu yake yako wapi.