Rubani, Jifunze Kurudi

Kijana mmoja wa hapa Juja, rubani wa kujifurahisha, aliniuliza: leseni anayo, sasa ajifunze nini? Kuruka usiku? Ndege ya injini mbili? Au sarakasi za angani, watu wamshangilie?

Mimi mtu wa pwani, na kwetu neno rubani ni kongwe kuliko ndege. Ndiye aliyeongoza jahazi kuingia bandarini, akijua miamba ilipo. Sifa yake haikuwa mbwembwe. Ilikuwa kujua wakati wa kugeuza.

Nikamwambia: Mwanangu, tazama Nyandarua ilivyojitanda mawingu. Ndani ya wingu jicho halioni upeo, na sikio humdanganya mtu kwamba amenyooka, kumbe ndege imelala ubavu na inashuka. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kiliwajaribu watu 20 wasiojua kuruka kwa kutazama vipimo vya ndege. Walipozuiwa kuona nje, wote walishindwa kuimiliki ndege, kwa wastani wa sekunde 178 tu. Walipofundishwa kugeuka taratibu kwa vipimo na kurudi walikotoka, karibu wote waliweza.

Basi lengo lako ni hilo: kuruka kwa vipimo, uanze na kugeuka nyuma. Sarakasi zitangoja. Atakayekuita mwoga mwache. Wahenga walikwisha sema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Na nyumbani wapo wanaotega sikio, wausikie mlio wa injini ukirejea.