Selimundu: Watoto waponea kifo, macho yasahauliwa

KWA miaka mingi, mzazi wa Siaya, Busia au Kilifi aliyekuwa na mtoto mwenye selimundu alijiuliza swali moja tu: je, mtoto huyu ataishi? Lilikuwa swali la haki. Wengi walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano, baadhi bila hata maradhi yenyewe kutambuliwa.

Siku hizi, kutokana na chanjo, penisilini, kinga ya malaria na dawa ya haidroksiyurea, walio wengi zaidi wanafikia utu uzima. Ni katika umri huo ambapo ugonjwa huu wa kurithi huvamia kiungo ambacho aghalabu hakikaguliwi: jicho.

Chembe nyekundu za damu zilizopinda mfano wa mundu huziba mishipa midogo iliyo ukingoni mwa retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Sehemu hiyo ikikosa oksijeni, hutoa kemikali inayochochea mishipa mipya kuota. Mwili hudhani unajitibu, kumbe unajichimbia kaburi. Mishipa hiyo, yenye umbo la matumbawe yaliyotanuka kama pepeo, ni dhaifu mno. Huvuja damu ndani ya jicho, na makovu yake huweza kuivuta retina hadi ibanduke.

La kutisha ni kwamba haya yote hutokea bila maumivu. Mwanafunzi huweza kusoma ubaoni vyema Ijumaa, na kufikia Jumatatu akawa anaona vitu vyeusi vikielea, au jicho moja limefunikwa na giza. Baadhi hukimbilia kununua miwani, ambayo hapa haifai lolote.

Mnamo 1971, daktari Morton Goldberg wa Marekani aliyagawa madhara haya katika hatua tano. Kuota kwa mishipa ni hatua ya tatu. Damu kumwagika ni ya nne. Baina ya hizo mbili ndipo leza huweza kuokoa jicho. Naam, mishipa mingine hunyauka yenyewe, hivyo si kila mgonjwa atahitaji leza. Lakini nani atajua bila kupimwa?

Mwongozo uliotolewa Marekani 2014 unapendekeza ukaguzi uanze mtoto akiwa na miaka 10, na urudiwe kila baada ya mwaka mmoja au miwili.

Nchini Kenya, mitambo ya leza na wataalamu wa retina wangali wamejikita mijini. Hata hivyo, ukaguzi wa awali hauhitaji leza, bali matone ya kupanua mboni na mhudumu aliyefunzwa kutazama retina hadi ukingoni. Kaunti zenye kliniki za selimundu zinaweza kuanzia hapo, ili rufaa iandikwe kabla ya damu kumwagika.