Windows ni Chumba cha Gemu Moja, Si Nyumba Yako

Wasee, tuongee ukweli. Ukimwambia mtu hapa Nairobi kwamba kompyuta yako ina mifumo miwili, Windows na Linux, na gemu zako nyingi unachezea Linux, atakuangalia ni kama umemwambia unapika chapati kwa pasi. "Linux ni ya mahaka bana. Gemu ni Windows." Sasa muulize ni gemu gani hasa anacheza. Atakutajia Counter-Strike 2, Dota 2, Minecraft ya Java, Stardew Valley, na GTA V ile ya stori. Zote tano zinacheza kwa Linux. Nne za kwanza zina toleo la Linux kabisa, hakuna ujanja wowote unahitajika.

Msimamo wangu ni huu na sitaulainisha: kama tayari uko na mifumo miwili kwa mashine moja, Linux ndiyo iwe nyumba, hata ya gemu. Windows ipewe chumba cha nyuma, iwekwe ile gemu moja au mbili zinazokataa kwenda kwingine, na mlango ufungwe.

Ile story ya "Linux haina gemu" ilikuwa kweli zamani. Agosti 2018 Valve, wenye Steam, walitoa Proton. Kazi yake ni kuchukua gemu iliyoandikwa kwa ajili ya Windows na kutafsiri amri zake hapo hapo ikicheza, ili Linux izielewe. Haijifanyi kompyuta nyingine ndani ya kompyuta yako, kwa hivyo haikuli nguvu vile watu hudhani. Februari 2022 wakatoa Steam Deck, ile mashine ya kushika mkononi, na ndani yake ni Linux. Mtu anacheza Elden Ring kwa kitanda na hata hajui anatumia Linux. Na Oktoba 2025, kwa hesabu ya Steam wenyewe, watumiaji wa Linux walipita asilimia 3 kwa mara ya kwanza. Ni wachache, sawa. Lakini gemu zinazocheza si chache tena, na huyo anayekuambia hazichezi mara nyingi alijaribu mara ya mwisho akiwa kidato cha pili.

Sasa tufike kwa zile zinazokataa, kwa sababu hapo ndipo kila mtu hudanganywa. EA FC haiendi. Valorant haiendi, Fortnite haiendi, Call of Duty mpya haziendi, Battlefield 6 haiendi. GTA Online ilikuwa inaenda hadi Septemba 2024. Apex Legends nayo ilikuwa inaenda vizuri kabisa, hadi mwisho wa Oktoba 2024 wenyewe wakaifungia nje. Soma hiyo tena: ilikuwa inaenda, wakaifungia. Kwa hivyo mtu akikuambia Linux "imeshindwa" kucheza Apex, muulize gemu inashindwa vipi leo kufanya kitu ilikuwa inafanya jana kwa mashine ile ile.

Kinachozuia ni antichiti, ile programu ya kukamata wanaoiba kwenye gemu. Na hata antichiti zenyewe si zote haziwezi Linux. Easy Anti-Cheat ni ya Epic. Mwaka 2021 Epic walitangaza kwamba mtengenezaji yeyote wa gemu anaweza kuiruhusu ifanye kazi kwa Linux kupitia Proton. Elden Ring inaitumia na inacheza. Fortnite, gemu ya Epic wenyewe, hawajairuhusu! Mwenye duka anakuuzia mwavuli na yeye mwenyewe ananyeshewa. BattlEye ni hivyo hivyo, inaweza kukubali Proton mwenye gemu akisema ndiyo. Rockstar hawakusema ndiyo kwa GTA Online. Sababu waliyotoa wenye Apex ni kwamba Linux inampa mwizi nafasi nyingi ya kujificha, na haikosi ukweli kidogo, kwa sababu kwa Linux mwenye mashine anaweza kubadilisha chochote. Lakini basi wizi kwa Windows uliisha? Ingia Call of Duty usiku mmoja uniambie.

Na hapa ndipo mimi huchemka kabisa. Hizo antichiti kali hazikai kwa meza kama programu za kawaida. Zinaingia kwa kerneli, kile kiini cha mfumo kinachoshika kumbukumbu, diski, kila kitu. Vanguard ya Riot inaamka ukiwasha tu kompyuta, hata kama leo huna mpango wa kugusa Valorant. Programu iliyo ndani ya kerneli ikikosea, inaanguka na mashine nzima. Julai 19, 2024 CrowdStrike, kampuni ya usalama wala si ya gemu, ilituma faili moja mbovu kwa draiva yake iliyokaa kina hicho hicho, na kompyuta kama milioni 8.5 za Windows zikaonyesha skrini ya bluu. Ndege zikalala. Miaka miwili kabla ya hapo, 2022, wahalifu walikamatwa na watafiti wakitumia draiva ya antichiti ya Genshin Impact kuzima antivairasi za watu, na mwathiriwa hakuhitaji hata kuwa na Genshin kwa mashine. Draiva ilikuwa na sahihi halali, Windows ikaiamini tu.

Sisemi Riot ni wezi. Nauliza tu, hiyo kompyuta unayowapa funguo zake ni ya nani?

Kwa sababu wengi wetu hatuna kompyuta ya gemu. Tuna kompyuta ya nyumba. Ni ile ex-UK, HP EliteBook iliyonunuliwa kwa kusukumana, na kwayo mathe anafanya returns za KRA, dada yako anaomba HELB, wewe uko na eCitizen na makaratasi ya chuo, na jioni ndio inageuka uwanja. Sasa kwa mashine hiyo hiyo, kwa mfumo huo huo, mtu anaweka Windows ya kukraki aliyowekewa na fundi kwa flashi, anaongeza gemu ya bure kutoka tovuti yenye matangazo kumi, na gemu ikigoma anaambiwa "zima antivairasi kwanza" na anazima! KMSPico, kile kidude cha kuamsha Windows bila kulipa, mwaka 2021 watafiti wa Red Canary walionyesha kuna nakala zake zinasambazwa zikiwa na Cryptbot, programu inayokusanya nywila zilizohifadhiwa kwa brauza na pochi za kripto. Nywila za brauza, msee. Hiyo ni akaunti yako ya Steam, na ni iTax ya mathe pia.

Ndiyo maana nasema tenganisha. Mambo ya maisha na gemu nyingi yakae Linux, na wakati wa kuiweka chagua kuifunga diski yake kwa nywila, kwa sababu bila hivyo Windows ikiambukizwa inaweza kuchungulia upande wa pili. Windows ibaki safi na tupu, bila brauza yenye nywila, bila barua pepe, bila picha.

Kuna wale wataniambia hii yote ni kazi bure, weka Windows 11 ulale. Enda kwanza uangalie mashine yako. EliteBook 840 G3, ambayo imejaa mjini, ni Intel ya kizazi cha sita, na Windows 11 inataka kuanzia cha nane. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida Oktoba 14, 2025, na ule mwaka mmoja wa nyongeza unaisha Oktoba 2026. Kwa hivyo chaguo la wengi wetu halijawahi kuwa kati ya Windows nzuri na Linux ngumu. Ni kati ya Windows iliyozeeka na Linux inayopata masasisho kila wiki, kwa mashine ile ile, bila kununua kitu. (G3 haitacheza Cyberpunk kwa mfumo wowote, usinitafute.)

Hasara zipo na nitazitaja. Ukiwa na kadi ya Nvidia, gemu za DirectX 12 bado zinapoteza kasi kiasi kwa Linux ukilinganisha na Windows. Steam ya Linux inapenda kushusha faili za sheda kabla ya gemu, na kama uko kwa data ya simu utalia. Izime kwa setingi. Usijaribu kuweka gemu zako kwa sehemu moja ya NTFS ili mifumo yote miwili itumie, Proton inasumbuka hapo na wewe utasumbuka nayo. Zima Fast Startup ya Windows, la sivyo Linux itakataa kuandika kwa diski ya Windows ikidhani mwenyewe amelala tu. Na saa! Linux huweka saa ya mashine kwa UTC, Windows inadhani hiyo ni saa ya hapa, kwa hivyo ukitoka Linux saa tatu usiku Windows inakuambia ni saa kumi na mbili jioni. Wengi hudhani betri ya ubao imekufa. Andika timedatectl set-local-rtc 1 kwa Linux, imeisha.

Kama unaweza kupata SSD ya pili, hata ndogo, kila mfumo uwe na diski yake. Agosti 2024 sasisho moja la Windows, ambalo Microsoft walisema halingegusa mashine zenye mifumo miwili, liliwafungia watu wengi nje ya Linux. Suluhisho la kudumu lilikuja Mei 2025. Miezi tisa. Diski mbili hazikuokoi na kila kitu kama hicho, lakini angalau wakati wa kurekebisha hauharibu nyumba ukitengeneza choo.

Kwa diski moja ya GB 256 hesabu ni kali. EA wanataka GB 100 za FC 25 pekee, Windows 11 yenyewe inataka angalau 64. Hapo zaidi ya nusu ya mashine imeenda kwa mpira. Kama hiyo ndiyo gemu mnacheza na mabeshte kila Ijumaa, lipa hiyo bei, sina neno. Lakini ukishalipa usiongeze zingine huko. Kabla ya kuweka gemu yoyote, tafuta jina lake kwa ProtonDB, na kama ni ya mtandaoni angalia Are We Anti-Cheat Yet. Ikiandikwa inacheza, inaenda Linux. Ikiandikwa imekataliwa, ndiyo hiyo ya chumba cha nyuma.

Kwangu huko kuna FC peke yake. Hata ile picha ya ukutani Windows ilikuja nayo sijawahi badilisha.