Vilima vya Kyerwa: Watembea kwa miguu wanaoishia ng'ambo ya Kagera

Na Mwandishi Wetu

MGENI aliyelala katika kambi ya kitalii ndani ya Hifadhi ya Akagera nchini Rwanda, akiamka asubuhi na kuelekeza macho mashariki, huiona Tanzania mithili ya ukuta mrefu wa vilima uliosimama nyuma ya maziwa na mafunjo. Atakunywa chai yake, ataupiga picha ukuta huo, kisha atapanda gari kwenda kutafuta faru.

Ukuta huo ni Karagwe na Kyerwa, wilaya mbili ambazo hadi mwaka 2012 zilikuwa wilaya moja. Kwenye vilima hivyo ndipo ilipo Kibingo, kata ya Wilaya ya Kyerwa ambayo jina lake linafanana na neno la Kinyankore la matete marefu, nyasi ambazo mpita njia wa ukanda huu hawezi kuzikwepa.

Swali linalostahili kuulizwa ni hili: kwa nini nchi yenye vilima, mabonde, chemchemi ya maji moto na historia ya wafalme haipati hata sehemu ndogo ya watu wanaolipa fedha nyingi duniani kwa ajili ya jambo rahisi kabisa, yaani kutembea kwa miguu na kutazama milima?

Tuanze na ukweli usiopendeza. Hapa hakuna theluji, wala hakuna kilele cha kushindana na Kibo au Rwenzori. Anayetafuta barafu ataondoka mikono mitupu. Kilichopo ni safu ndefu za vilima zinazokwenda kaskazini na kusini, nyingi zikiwa na mwinuko wa mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na katikati yake mabonde mapana yenye vinamasi. Miamba ya vilima hivyo ni ya kale mno, na wanajiolojia wameipa jina la Karagwe-Ankole, jina linalotumika katika vitabu vya sayansi hata na watu wasiojua Karagwe iko upande gani wa dunia.

Mto Kagera unaambaa kando ya nchi hii kwenda kaskazini ukiwa mpaka na Rwanda, kisha unapinda mashariki na kuwa mpaka na Uganda kabla ya kuelekea Ziwa Victoria. Migomba inashuka miteremko, kahawa inakua chini ya kivuli chake, na juu kabisa hubaki nyasi na upepo. Kwa mtu anayependa kutembea, hiyo ni nchi iliyokamilika.

Wala si sisi wa kwanza kuliona hilo. Mwishoni mwa mwaka 1861, Waingereza John Hanning Speke na James Augustus Grant walipokelewa na Mfalme Rumanyika huko Bweranyange, makao makuu ya ufalme wa Karagwe. Speke aliandika kwamba akiwa kwenye vilima vya Karagwe aliona kwa mbali, upande wa magharibi, vilele vilivyochongoka alivyoviita Mfumbiro. Vilele hivyo ndivyo volkano za Virunga, zilizo umbali wa zaidi ya kilometa 100, ambazo leo hii wageni huvuka bahari kwenda kuziona pamoja na sokwe wake. Ziwa dogo lililokuwa karibu na makao ya mfalme walilipa jina la Little Windermere, kwa kuwa Grant aliliona linafanana na ziwa la kwao Uingereza ambako watu walikuwa wakienda kutembea milimani.

Kwa maneno mengine, mmoja wa watu wa kwanza kuitangaza Karagwe kwa wasomaji wa Ulaya aliitangaza kama nchi ya kutazama milima. Miaka zaidi ya 160 imepita, na tangazo hilo halijapata mwenye kulifanyia kazi.

Grant, kwa upande wake, hakuyafaidi matembezi hayo. Alikuwa na kidonda kibaya cha mguu, hata Speke alipoondoka kwenda Buganda mapema mwaka 1862 ilibidi amwache nyuma kwa Rumanyika. Henry Morton Stanley naye alifika mwaka 1876, akakaribishwa na mfalme huyo huyo, kisha akaenda hadi chemchemi ya maji moto ya Mtagata, ambako alikuta watu wanaoga wakitafuta tiba. Chemchemi hiyo iko katika eneo ambalo leo ni Kyerwa.

Serikali haikukaa kimya kabisa. Mwaka 2019 yaliyokuwa mapori ya akiba katika kanda hii yalipandishwa hadhi na kuwa hifadhi za taifa tatu: Burigi-Chato, yenye ukubwa wa kilometa za mraba 4,707, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Burigi-Chato ilizinduliwa na Rais John Magufuli Julai 9 mwaka huo. Kwa mara ya kwanza Mkoa wa Kagera ukawa na hifadhi za taifa za kujivunia, na moja ikabeba jina la mfalme aliyempokea Speke.

Hata hivyo, kupandisha hadhi ni jambo moja na kuleta mgeni ni jingine. Mapori haya yaliumia sana. Wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa takribani saa 24, na makambi mengine yakafunguliwa Karagwe. Hadi Wanyarwanda walipokuwa wakirejeshwa kwao Desemba 1996, miti mingi ilikuwa imegeuka kuni na wanyama wengi wamegeuka kitoweo. Hatuandiki hili kwa kuwalaumu wakimbizi, kwani mwenye njaa hana hifadhi ya taifa. Baada ya hapo yakaja makundi makubwa ya ng'ombe, na ujambazi uliofanya mabasi yanayopita mapori ya Biharamulo yasindikizwe na askari wenye silaha.

Wenzetu wa Rwanda walikuwa na hali mbaya zaidi. Akagera, iliyoanzishwa mwaka 1934, ilipoteza zaidi ya nusu ya ardhi yake baada ya vita, na simba wake wakatoweka kabisa. Mwaka 2010 Serikali ya nchi hiyo iliingia ubia na taasisi ya African Parks. Uzio ukajengwa, simba saba wakaletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 2015, faru weusi 18 wakafuata mwaka 2017, na faru weupe 30 mwaka 2021. Leo mgeni anakwenda Akagera na kuiona kama hifadhi kamili, wakati wanyama wa upande wetu bado wanahesabiwa.

Ni maoni ya safu hii kwamba kushindana na Akagera kwa faru ni kupoteza muda na fedha. Upande wetu hauna faida ya wanyama; una faida ya urefu. Bonde ni lao na letu, lakini vilima vinavyolitazama bonde kutoka mashariki ni vyetu peke yetu. Mtu anayetembea juu ya vilima hivyo hahitaji faru. Anahitaji njia iliyofyekwa, kijana anayeijua njia hiyo, mahali pa kulala penye maji ya kuoga, na uhakika kwamba hatasimamishwa kila baada ya kijiji kimoja kuulizwa anatafuta nini mpakani.

Hilo la mwisho si mzaha. Kyerwa inapakana na nchi mbili. Mwaka 2013, Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji haramu na majambazi iliendeshwa Kagera, Kigoma na Geita, na wananchi wa vijiji vya mpakani walijifunza kwamba mgeni asiyejulikana ni tatizo linaloweza kuwarudia wao wenyewe. Mzungu mwenye mkoba mgongoni huenda akapewa tabasamu na maji ya kunywa. Mnyarwanda au Mganda anayetembea kwa starehe ile ile ataulizwa karatasi. Mpaka patakapokuwa na utaratibu ulioandikwa, unaojulikana kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa ofisa uhamiaji pia, utalii wa miguu utategemea hisani ya aliyeko zamu siku hiyo.

Kisha kuna suala la viza. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianzisha viza ya pamoja ya utalii kwa Dola za Marekani 100, inayomruhusu mgeni kuzunguka nchi hizo tatu. Tanzania haikujiunga. Sababu zake zinaeleweka, kwani nchi yenye Serengeti, Kilimanjaro na Zanzibar haina haraka ya kugawana mapato na jirani. Lakini sera iliyopimwa kwa kipimo cha Arusha haiutoshi Mkoa wa Kagera. Mgeni wa Arusha ametua Kilimanjaro na viza yake ya Tanzania. Mgeni ambaye Kyerwa ingeweza kumpata ametua Kigali, kwa sababu Kigali ndiko karibu, na akifika Rusumo anatakiwa kulipa upya ili avuke daraja kwa matembezi ya siku mbili. Wengi hawavuki.

Anayetaka kuja kwa upande wa nyumbani naye ana safari. Kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba kwa barabara ni zaidi ya kilometa 1,300, na hapo bado hajaanza kupanda kwenda Karagwe. Barabara ya lami kutoka Kyaka hadi Bugene imepunguza adha kubwa, ingawa kwa mwenda Kyerwa vumbi la kiangazi na utelezi wa masika bado ni sehemu ya nauli. Uwanja wa ndege wa Bukoba upo, lakini ajali ya ndege ya Precision Air iliyotumbukia Ziwa Victoria Novemba 6, 2022 na kuua watu 19 ilimwachia kila abiria wa njia hiyo jambo la kufikiria.

Magonjwa nayo yameichafua sifa ya mkoa kupita kiasi chake. Homa ya Marburg ilithibitishwa Kagera Machi 2023, na tena Januari 2025 wilayani Biharamulo. Mara zote mbili mlipuko ulidhibitiwa na kutangazwa kumalizika, lakini wakala wa safari aliye London hasomi taarifa ya pili, husoma ile ya kwanza tu.

Pamoja na hayo yote, swali gumu zaidi linabaki kuwa la fedha, yaani nani atakula. Pori la akiba lilikuwa na uwindaji wa leseni. Hifadhi ya taifa haina. Pori la akiba lilivumilia, kihalali au kwa kufumba macho, mfugaji na mkata kuni. Hifadhi ya taifa haimvumilii. Mwananchi anayeishi kando ya Ibanda au Rumanyika amekwishalipa gharama yake tangu mwaka 2019, na alilipa kabla ya mtalii wa kwanza kufika. Aidha, mabadiliko ya Sheria ya Fedha ya mwaka 2020 yaliondoa ukusanyaji wa mapato ya hifadhi mikononi mwa Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) na kuyaelekeza Mfuko Mkuu wa Serikali. Kwa mabadiliko hayo, kiingilio kilicholipwa langoni kilisafiri hadi Dodoma kabla ya kufikiriwa kurudi kijijini kwa sura ya darasa au zahanati.

Ndiyo maana matembezi ya nje ya hifadhi, katika kata kama Kibingo, yana maana ya kipekee. Mgeni anayelala kijijini, akala ndizi na maharage, akatafuna kahawa iliyochemshwa kwa desturi za Kagera, akaonja senene msimu ukiwa umewadia, fedha yake haipiti langoni. Inaishia kwa mama aliyepika na kijana aliyeongoza njia. Mpango wa utalii wa utamaduni ulioanza miaka ya 1990 huko kaskazini, kwa msaada wa shirika la Uholanzi la SNV, ulifuata njia hiyo hiyo, na leo vijiji vya Marangu na Materuni kwenye miteremko ya Kilimanjaro vinapokea watu waliokuja kuona maporomoko na kukaanga kahawa, si kupanda mlima. Kahawa ya Karagwe ni robusta na ile ya Wachaga ni arabika, lakini moto wa kuikaangia ni ule ule.

Kuhusu maporomoko, mkweli atakiri kuwa yale makubwa ya ukanda huu yako Rusumo, wilayani Ngara, ambako Ruvubu hukutana na Kagera. Hapo Mjerumani von Götzen alivuka kuingia Rwanda mwaka 1894. Hapo pia, miaka 100 baadaye, Watanzania walisimama darajani wakiona maiti zikiporomoka na maji, nyingine zikifika hadi Ziwa Victoria na kuzikwa na wavuvi wa Uganda. Leo kuna mtambo wa umeme wa megawati 80 unaomilikiwa kwa pamoja na Tanzania, Rwanda na Burundi. Anayepanga kumpeleka mgeni Rusumo kupiga picha za maji ajue pia cha kumweleza akiulizwa, kwa sababu ataulizwa.

Na wanaodhani wageni wakiwa wengi ndipo neema imekamilika, watazame Lauterbrunnen, bonde la Uswisi lenye maporomoko 72, kijiji chenye wakazi wapatao 2,400. Mwaka 2024 viongozi wake walikuwa wakijadili kuwatoza ada wageni wa siku moja wanaoingia kwa magari, kwa kuwa barabara zilifurika. Kibingo iko mbali na tatizo hilo kwa umbali usiopimika. Lakini Uswisi iliweka alama za njia zake kabla ya umati kufika, na ikaamua ni nani anamiliki njia hizo.

Kiangazi cha kuanzia Juni hadi Agosti ndicho kinachofaa zaidi kutembea vilima hivi, kabla mvua za vuli hazijaanza Septemba. Kufyeka njia, kuweka vibao vya mbao na kuwafundisha vijana kumi uongozaji ni kazi ambayo halmashauri inaweza kuiingiza katika bajeti yake bila kusubiri mwekezaji. Viza ni ya Dodoma, na hilo wabunge wa Karagwe na Kyerwa wanaweza kulibeba wenyewe.