SHIMO WAZI NI ADUI WA KIJIJI

Katika miji mikubwa, kila penye bwawa la kuogelea sasa pana mjadala wa ua. Wenye nyumba wananung'unika kwamba ua ni gharama na unaharibu sura ya bustani. Wapo ndugu zetu wa Susuni wanaocheka wakisema, "Hayo ni mambo ya matajiri wa Mwanza na Nairobi." Sisi hatucheki.

Maji hayaulizi mtu ana mali gani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji ulimwenguni, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiofikia miaka mitano. Zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Wengi wao hawakufia katika mabwawa ya marumaru. Walifia mitoni, ziwani, visimani na malamboni.

Meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018, Taifa zima lililia. Lakini mtoto mmoja akizama katika shimo la matofali, wanalia mama yake na jirani zake tu. Kesho yake shimo lipo pale pale. Je, hiyo ni haki?

Wako wasemao, "Ni kudra ya Mungu." Mungu hakulichimba shimo lile. Limechimbwa na mtu aliyefyatua matofali yake, akayauza, akaondoka na fedha. Masika yakaja, yakalijaza.

Wenzetu wamekwisha kutunga sheria. Jimbo la New South Wales, Australia, lina Sheria ya Mabwawa ya Kuogelea ya mwaka 1992: ua usipungue meta 1.2, na mlango wake ujifunge wenyewe. Ufaransa mwaka 2003 ilipitisha sheria ya kuwalazimisha wenye mabwawa ya nyumbani waweke kinga. Walijua kwamba mama hawezi kukodoa macho mchana kutwa.

Basi, na sisi tungoje nani? Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 imeipa Halmashauri ya Kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, zikishatolewa maoni na Mkutano Mkuu wa Kijiji na kukubaliwa na Halmashauri ya Wilaya. Tunapendekeza haya:

Kwanza, achimbaye shimo alifukie kazi ikiisha. Asipoweza, alizungushie ua pande zote kabla ya mvua.

Pili, kila kisima kiwe na mfuniko mzito.

Tatu, lambo la ng'ombe lizungushiwe miiba, na pawe na njia moja yenye lango.

Nne, wakati wa kulima na kuvuna, kila kitongoji kichague watu wa kuwalinda watoto wadogo mahali pamoja.

Atakayekaidi atozwe faini bila kutazamwa ukoo wake wala idadi ya ng'ombe wake.

Miiba tunayo, miti tunayo, na mikono tunayo. Wazee walikutana katika iritongo kwa ajili ya ng'ombe walioibwa. Hatuamini kwamba watashindwa kukutana kwa ajili ya watoto. Ndugu wananchi, ulizeni jambo hili katika mkutano ujao, wala msitoke mpaka mjibiwe.