Kusita Si Woga

Katika mchezo wa kulenga visahani vinavyorushwa angani, ulioenea sana Marekani, hata mlengaji hodari huweza siku moja kukuta kidole kimegoma na bega limeshtuka. Wapo wanaomwita mwoga. Hilo ni kosa. Mwili uliopigwa teke na bunduki mara maelfu hujihami kabla akili haijaamuru. Karipio huuzidishia hofu. Dawa ni mazoezi: risasi hafifu, kinga ya masikio, na risasi bandia zilizochanganywa kwa siri ili mshtuko udhihirike. Wengine hutumia kifyatulio maalumu: huvutwa kwanza, na risasi hutoka kidole kinapokiachia. Walimu na wakuu wa kazi, hatuna budi kulizingatia hili: anayesita afundishwe upya, asidhihakiwe.